Kidole Kisichohama

Masomo ya kutangulia nyumbani: Danieli sura ya 6, Zaburi ya 136.



Mwezi huu naanza na gitaa, na wale wasiolipenda gitaa kanisani nawaomba wanivumilie kwa kurasa chache, kwa maana neno ninalotaka kuwaletea limo ndani yake, nami sikuona njia nyepesi zaidi ya kulitoa.

Wengi wenu mmesikia kwamba nyimbo za Kwaya ya Vijana siku hizi zimejaa kuliko zamani. Mzee wa kanisa mmoja aliniuliza kama tumenunua chombo kipya bila Halmashauri kujua. Hatukununua kitu. Ni gitaa lile lile lenye ufa ubavuni, nyuzi zile zile sita, kodi zile zile nne. (Vijana huita "kodi" zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kwa mpigo mmoja, mtu asidhani ni ile ya serikali.) Kilichobadilika ni hiki tu, ya kwamba mpigaji wetu amejifunza kutokuhamisha vidole viwili.

Nitaeleza polepole, ili hata asiyewahi kushika gitaa afuate, na mwenye gitaa nyumbani alichukue akajaribu.

Gitaa lina nyuzi sita. Ule mnene kuliko zote huitwa uzi wa sita, na ule mwembamba kuliko zote, ulio chini mtu alipakatapo gitaa, huitwa wa kwanza. Zikikazwa kama ilivyo desturi, kuanzia ule mnene, zinatoa E, A, D, G, B, na E tena ya juu. Shingo ya gitaa imekatishwa na vyuma vyembamba, na kidole kikibana uzi nyuma ya chuma sauti hupanda, chuma hata chuma, nusu hatua kwa nusu hatua. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kodi nne ambazo zinatosha nyimbo nyingi za kanisa: G, C, D, na E maina, ile yenye huzuni. Kwetu tuliofunzwa kuimba kwa do, re, mi, tukiwa katika ufunguo wa G, basi G ndiyo do, yaani nyumbani. C imejengwa juu ya fa. D juu ya so. Na E maina juu ya la.

Sasa mwanafunzi huyo, kila kodi inapobadilika, hung'oa vidole vyote na kuvipanda upya mahali pengine. Kati ya kung'oa na kupanda panakuwa na shimo dogo la kimya, na tena sauti zote za kodi ya kwanza zinakufa pamoja ndipo zile za pili zizaliwe. Wimbo unakwenda, lakini unakwenda kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe.

Iko njia nyingine. Weka kidole cha pete juu ya uzi wa pili, chuma cha tatu. Weka kidole kidogo juu ya uzi wa kwanza, chuma hicho hicho cha tatu. Uzi wa pili sasa unatoa D, na wa kwanza unatoa G; yaani so na do. Viache hapo. Usiviondoe mpaka wimbo umekwisha. Vilivyobaki, cha shahada na cha kati, ndivyo vitakavyotembea. Kwenye G, cha kati hubana uzi wa sita chuma cha tatu, na cha shahada uzi wa tano chuma cha pili. Kwenda C, viwili hivyo vinahamia uzi mmoja tu upande wa chini, umbo likiwa lile lile, na uzi wa sita hupumzika. Kwenye E maina vinakaa bega kwa bega, uzi wa tano na wa nne, chuma cha pili. Kwenye D, cha shahada peke yake kinabana uzi wa tatu chuma cha pili, na zile nyuzi mbili nene haziguswi kabisa. Basi, ndiyo yote. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyapata kwa juma moja, ingawa kidole kidogo kitalalamika sana siku tatu za kwanza.

Noti za namna hii, zinazoendelea kuvuma huku nyingine zikija na kupita, ni za kale kuliko gitaa. Zumari ya mfuko ya Waskoti ina mabomba matatu ambayo hayana kazi nyingine ila kuvuma sauti moja tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho. Wenye kupenda kinanda cha mabomba wanaijua Toccata ya F ya Johann Sebastian Bach, ambayo mwanzoni mguu wa mpigaji unakanyaga noti moja ya chini kwa muda mrefu, huku mikono miwili ikifukuzana juu yake. Wahindi wana tanpura, chombo chenye nyuzi nne mara nyingi, ambacho hakipigi wimbo hata kidogo. Mpigaji wake hukaa nyuma ya mwimbaji akizigusa nyuzi zilizo wazi, moja baada ya moja, tena na tena, na mwimbaji hupata pa kusimama. Mimi nampenda huyo wa tanpura kuliko wote. Watu hawaendi kumsikiliza yeye, lakini akiacha, kila mtu anageuka kutazama kumetokea nini.

Hata kanisani jambo hili ni la kale. Ndugu zetu Waorthodoksi, ambao wako pia Kenya, Uganda na upande wa Bukoba, katika uimbaji wao wa asili ya Kigiriki huwaweka waimbaji wachache washikilie sauti moja ya chini, nayo huitwa ison, huku mwingine akipanda na kushuka na maneno ya ibada. Nao akina mama wetu katika mikesha ya misiba, mmoja akianzisha pambio, mara nyingi husikia wawili au watatu wakishika sauti ya chini kwa midomo iliyofungwa, bila kuambiwa na mtu.

Lakini sikuandika ili kuwafundisha historia ya vyombo. Nataka mtazame jambo moja linalotokea katika zile kodi nne, kwa maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Noti mbili zile hazihami. Hata hivyo hazisikiki sawa. Katika G zote mbili ziko nyumbani. Do ni mwenye nyumba na so ni ndugu yake, na sikio linatulia. Katika C, ile G ni ya ukoo, bali D ni mgeni, naye mgeni huyo analeta hewa, kama dirisha lililofunguliwa. Katika kodi ya D mambo yanageuka. Sasa D ndiye mwenye nyumba, na ile G, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa nguzo, imesimama mahali pa noti ya jirani, do katika kiti cha ti, nusu hatua tu juu ya pale inapotazamiwa. Haikosei. Lakini sikio linangoja, linasema moyoni, jambo hili halijaisha. Kisha ije E maina. Hapo ile G, bila kusogea hata unywele, ndiyo inayoifanya kodi hiyo iwe ya huzuni. Ipandishe nusu hatua tu, na huzuni yote inaondoka. Yaani noti ile ile iliyokuwa nyumbani katika kodi ya kwanza ndiyo inayolia katika kodi ya nne.

Ndugu zangu, nilipoelewa hilo nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu nilimfikiri Danieli.

Tunamsifu Danieli kwa ajili ya simba, na watoto wetu wa shule ya Jumapili humchora akiwa katikati ya simba wanaocheka. Lakini tazameni tendo lake lenyewe. Mfalme Dario ametia sahihi amri ya siku 30, kwamba mtu yeyote asiombe neno kwa mungu wala kwa mwanadamu isipokuwa kwa mfalme. Danieli akajua ya kuwa imetiwa sahihi. Akaenda nyumbani kwake, kwenye chumba cha juu, ambacho madirisha yake yaliukabili Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akaomba na kushukuru. Na mwandishi anaongeza maneno machache ambayo msomaji mwenye haraka huyaruka, kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya tangu hapo. Danieli hakubuni sala ya kishujaa kwa ajili ya siku ile. Hakupaza sauti ili wapelelezi wamsikie vizuri, wala hakufunga dirisha ili wasimsikie. Alisali sala ya juzi. Ila juzi sala ile ilikuwa desturi ya mzee mcha Mungu, na leo imekuwa kosa la kumtupa mtu shimoni. Yeye hakuhama, kilichohama ni kodi iliyo chini yake.

Tena angalieni, alishukuru. Katika siku kama ile mimi na wewe tungekuwa na mengi ya kuomba, na pengine shukrani tungeiweka akiba mpaka mambo yatulie.

Zaburi ya 136 imeundwa kwa namna hiyo hiyo. Ina mistari 26, na nusu ya pili ya kila mstari ni ile ile juu ya fadhili ya Mungu isiyokoma. Najua wako wanaochoka nayo. Mwana kwaya mmoja aliwahi kuniomba tusome nusu za kwanza tu ili tumalize mapema. Basi, mjaribu nyumbani. Ondoeni yale yanayorudiwa, msome yaliyobaki. Mtaanza vizuri na mbingu, nchi, jua na mwezi, halafu mtajikuta katikati ya wazaliwa wa kwanza waliopigwa, jeshi lililozama baharini, wafalme waliouawa kwa majina yao, nchi iliyotwaliwa. Inakuwa habari ya vita. Yale maneno yanayorudi, ambayo yalituchosha, ndiyo yanayoifanya iwe sala, na hayakai kwa ulaini kila mahali. Juu ya jua na mwezi yanatulia. Juu ya wale wazaliwa wa kwanza wa Misri yanakwaruza sikio, na nadhani ni vema yakwaruze. Mwisho yanakuja juu ya chakula cha kila mwenye mwili, na tunapumua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe la parishi yetu.

Katika kikao cha Halmashauri mwezi uliopita lilitolewa wazo, nalo lilitolewa kwa nia njema kabisa, kwamba Sala ya Asubuhi ya siku za kazi ikomeshwe. Hesabu ilisomwa. Kwa siku moja hawafiki sita. Yuko mama mjane mmoja ambaye hakosi, yuko mlinzi wa ghala anapotoka zamu, fundi baiskeli, akiwa hana kazi nyingi, katekista, na mwanafunzi mmoja au wawili zinapokaribia siku za mitihani. Ilisemwa kwamba umeme unalipwa, kwamba kasisi angeweza kulala kidogo (kwa hilo nashukuru), na kwamba ingekuwa afadhali tuwe na mkutano mmoja mkubwa Jumatano jioni, wenye mahubiri na kwaya, ambao watu wangekuja. Sikupinga mkutano wa Jumatano. Watu wanataka wimbo, na wimbo lazima uwe na mwendo, upande na kushuka. Mahubiri, sikukuu, harusi, mavuno, kipaimara, hizo ndizo kodi zetu na tungekuwa kanisa la huzuni bila hizo. Nilichouliza ni hiki: tukiondoa vile vidole viwili, nini kitakachoendelea kulia wakati tunahama kutoka kodi moja kwenda nyingine?

Kwa maana yako mashimo. Kati ya Jumapili na Jumapili yako. Kati ya harusi ya mtu na msiba wake yako mashimo marefu sana. Na mtu akianguka katika shimo siku ya Jumanne, hatangoja mpaka Jumatano jioni ili amwone nani amevaa nini.

Askofu Mkuu Thomas Cranmer alipotengeneza Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 alizikuta saa nyingi za sala walizokuwa wakizishika watawa, mchana na usiku, akazikusanya kuwa mbili tu, asubuhi na jioni, ili watu wa kawaida wenye ng'ombe wa kukamua na mikate ya kuoka waweze kuzishiriki. Zaburi zote 150 zikagawanywa zipate kusomwa katika mwezi mmoja, kisha kuanza tena. Na Kitabu cha mwaka 1552 kikamwagiza kasisi aliyepo mtaani, asiyezuiwa na sababu ya haki, asome sala hizo kanisani, naye apige kengele kwanza ili watu waje. Nimekitafuta mara nyingi kile kifungu kinachomwambia awahesabu waliokuja. Sikukiona.

Mtume Paulo aliwaambia Wathesalonike wasiache kusali wakati wowote, na kila mwaka katika darasa la kipaimara yuko kijana anayeuliza hilo litawezekanaje, kwa kuwa mtu lazima alale na lazima alime. Ni swali zuri. Wale waimbaji wa ison wanaweza kulijibu vizuri kuliko mimi. Sauti yao haikatiki, lakini hakuna kifua cha mwanadamu kinachoweza kushika sauti saa nzima. Siri yao ni kwamba hawavuti pumzi wote kwa mara moja. Mmoja anaponyamaza ili avute pumzi, wengine wanashika. Akirudi, mwingine ananyamaza. Aliye mbali husikia sauti moja isiyokoma, wala hawezi kujua ni nani aliyenyamaza wakati gani.

Dada mmoja kati yenu, ambaye ameniruhusu niseme haya bila kumtaja, alimzika mtoto wake wakati wa masika. Baada ya siku 40 alikuja Sala ya Asubuhi, akaketi benchi la nyuma. Kisha akaniambia kwamba shukrani ya jumla hawezi kuisema. Yale maneno ya kushukuru kwa kuumbwa na kuhifadhiwa aliyasema kwa furaha siku alipokuja kanisani baada ya kujifungua, yale yale, na sasa yanamchoma. Akaomba kama tunaweza kutumia mengine asubuhi anapokuwepo. Wapendwa, lilikuwa ombi gumu, na nililipeleka kwa wale wenzetu watano. Mama mjane ndiye aliyejibu. Alisema, "Mwanangu, wewe usiseme. Tutasema sisi, na kiti chako kiwe pale pale." Ndivyo tunavyofanya. Tukifika kwenye kifungu hicho yeye hunyamaza, nasi huendelea, si kwa sauti kubwa; halafu kwenye neema ya mwisho anaingia tena. Mpaka siku ninapoandika bado hakitamki. Sijui kama atakitamka Krismasi au mwaka kesho, wala simwulizi. Najua kwamba maneno yale, ambayo siku za furaha yalikuwa nyumbani, kwake sasa ndiyo yanayolia. Hatukuyapandisha nusu hatua ili huzuni iondoke. Na kama tungeifunga milango asubuhi kwa sababu ya watu sita, dada huyu angekuwa amenyamaza peke yake nyumbani.

Bwana wetu mwenyewe, pale msalabani, hakutafuta maneno mapya. Kwa Mathayo na Marko tunamsikia katika Zaburi ya 22, na kwa Luka katika ya 31. Nyimbo alizokuwa nazo tangu utoto katika sinagogi la Nazareti.

Hata hivyo nisieleweke vibaya, kwa maana nawajua baadhi yenu, na tayari naona kalamu zikitolewa mfukoni ili kuniandikia kwamba kasisi amekubali tusibadilishe kitu. Siyo. Vile vidole viwili vinafaa katika ufunguo wa G. Wimbo ukihamia A au F, lazima vitoke, na mpigaji anayevishikilia pale pale kwa ukaidi anaharibu wimbo mzima huku akijisifu kwa uaminifu. Wako wanaodhani kila kitu kilichokuwepo mwaka waliobatizwa ni noti ya kudumu: saa ya ibada, rangi ya mapazia, upande wanakokaa wanaume, tuni walizoleta wamisionari. Hizo ni kodi, ndugu zangu. Ziliwekwa, zinaweza kuhama. Zinazokaa ni chache mno: Zaburi, masomo, Sala ya Bwana, Imani ya Mitume, na majina ya wagonjwa wetu yakitajwa mbele za Mungu. Mengine yote na yatembee kama vile cha shahada na cha kati.

Pia mpigaji wetu amenionya juu ya ukali wa noti hizo. Zikipigwa kwa nguvu kupita wimbo, zinageuka kelele ya mashine ya kusaga. Nami naongeza kwamba asaliye kila siku naye asiwatangazie majirani. Bwana alikwisha kusema juu ya watu hao katika Mathayo 6.

Na la mwisho alilonifundisha ni hili, nalo lilinigusa. Noti inayopita ikiwa mbovu kidogo, hakuna anayeijua, maana imekwisha kupita. Lakini ule uzi wa pili ukilegea hata kidogo, kila kodi inaharibika, kwa sababu umo katika kila moja. Kwa hiyo yeye huukaza kabla ya ibada na tena kabla ya komunyo. Siku hizi iko programu katika simu inayosikiliza uzi na kuonyesha kama uko chini au juu, na sioni ubaya wowote kuitumia, ila simu na izimwe baadaye. Sisi tunaosali kila asubuhi hatuna programu hiyo. Tuna kipimo kingine: kama yuko jirani ambaye hatusemi naye tangu mwaka jana. Wawili katika wale sita walikuwa na shauri la mpaka wa shamba. Walikuwa wakisoma Zaburi kwa kupokezana, mstari kwa mstari, huku hawatazamani, na kila mtu mle ndani aliisikia. Walipatana mwezi wa tatu, mbele ya wazee, kwa kupandwa minyaa mpakani.

Halmashauri ilikaa tena Jumamosi iliyopita na kukubaliana hivi. Sala ya Asubuhi itaendelea, Jumatatu hata Ijumaa, lakini itaanza saa 12 na dakika 15 badala ya saa 12 kamili, ili mlinzi apate kukabidhi zamu. Mkutano wa Jumatano jioni utaanza mwezi ujao, na Umoja wa Mama wameahidi chai. Asubuhi ya Jumatano mpigaji wetu atakuja na gitaa, tuimbe Zaburi moja. Vijana wanaotaka kujifunza zile kodi nne wabaki naye nusu saa kabla ya kwenda shule. Orodha ya wagonjwa iko kwa katekista, na atakayetaka jina liongezwe amwandikie kwa herufi zinazosomeka. Kengele itapigwa na yeyote atakayetangulia kufika, naye avute polepole, kwa maana kamba ni ya zamani.

Kasisi wenu katika Kristo.